Tangi la Chiriku

Kambi ya bomba kuu
12 Januari

Mama Chiriku, mke wangu wa pekee (wengine wote niliwakataa, na wewe ni shahidi),

Barua yako imeletwa na lori la vifaa, imekaliwa na mifuko ya saruji mpaka imekuwa bapa kama soli ya kiatu. Nimeisoma nimesimama, koleo mkononi.

Hiyo homa ya mtoto inayokuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya, siipendi. Unasema kila mara mnapewa dawa ya kushusha homa, inashuka, wiki mbili inarudi, na sasa mkojo unanuka. Basi acha vile vizahanati vya mtaani. Mpeleke hospitali kubwa, wampige picha za ndani. Mwambie Chiriku baba amesema asiogope, na baba akisema kitu kimekwisha.

Huku usiulize. Msimamizi wetu, mtu aliyesomea ng'ambo mpaka anapiga chafya kwa lugha ya kigeni, juzi kanishika bega mbele ya watu wote: "Fundi, bila wewe haya maji yangepanda mlima kwa miguu?" Nikamwambia, bosi, nimefunga mabomba katika nchi tatu, kwenye hoteli ambazo wageni wanavua viatu mlangoni, na sijawahi kuitwa mara mbili kwa kazi moja. Kweli tupu. Sema simu ndiyo haishiki hata upande juu ya mti, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Msalimie mama yangu. Mwambie meno yangu yote yapo.

Wako,
Fundi Mkuu wa Mabomba, Mfalme wa Maji Yapandayo


Nyumbani
2 Februari

Baba Chiriku,

Tumetoka hospitali kubwa. Nakuandikia cherehani ikiwa imefunikwa, sina mkono wa kushona leo.

Walimwingizia mrija mwembamba kule anakokojolea, wakajaza kibofu dawa inayoonekana kwenye picha, halafu wakamwambia akojoe palepale mezani mbele ya watu wazima wanne. Alinitazama. "Mama, si umenikataza?" Nikamwambia leo ruhusa. Akalia, akakojoa, na kwenye kioo cha mashine nikaona kitu cheupe kinapanda juu badala ya kushuka.

Daktari akanieleza hivi. Figo ziko mbili, kila moja ina mrija wake wa kuteremsha mkojo kwenye kibofu. Huo mrija hauingii kibofuni moja kwa moja kama msumari. Unapita kwa mshazari ndani ya ukuta wa kibofu, unalala humo kidogo, ndipo unatokeza ndani. Nikamwambia, kama kamba ndani ya upindo wa suruali? Akasema hapohapo, mama. Kibofu kikijaa, au kikijikamua, ukuta unaubana ule upindo, na mkojo hauna pa kurudia. Upindo wa Chiriku upande wa kushoto ni mfupi tangu alipoumbwa. Akikojoa, mwingine unatoka na mwingine unapanda mpaka kwenye figo. Vijidudu vikiwemo vinapanda nao. Ndiyo homa zote zile. Kila homa inaweza kuacha kovu kwenye figo. Watoto wengine wakikua upindo unarefuka, ugonjwa unajiishia. Wengine wanapasuliwa.

Amepewa dawa kidogo ya kunywa kila jioni, na asibane mkojo. Kuhusu maji sikuuliza vizuri, muuguzi alishaita mwingine na foleni ilikuwa imenitoa jasho. Anywe mengi au kidogo? Akinywa sana si kibofu kitajaa upesi? Wewe ndiye mtu wa maji. Nijibu upesi.

Halafu daktari aliuliza kama kwenye ukoo kuna mtu alikuwa na shida za mkojo utotoni. Nikasema hapana. Mama yako akadakia, "Baba yake! Alikojoa kitandani mpaka darasa la tano, tulikuwa tunaanika godoro nyuma ya nyumba majirani wasione." Mfalme wa Maji Yapandayo, haya.

Mama Chiriku


Kambi ya bomba kuu
20 Februari

Mama Chiriku,

Kwanza, mama yangu amezeeka, kumbukumbu zake zinamchanganya. Aliyekojoa ni mdogo wangu. Yafunge hayo.

Pili, pole kwa yaliyokupata kule mezani. Nimeyasoma mara mbili, mara ya pili nikatoka nje.

Tatu, nicheke kidogo. Upindo, kamba, suruali! Hiyo ni lugha ya cherehani, mke wangu. Ngoja nikupe lugha ya bomba. Hapo una tangi, una laini ya kulijazia, na una valvu ya kuzuia maji yasirudi. Valvu mbovu, tangi likijaa presha inapanda, maji yanarudi kwenye laini. Kazi hiyo nimeifanya mara ngapi? Fundi mbumbumbu anakimbilia kubomoa ukuta abadilishe valvu. Fundi mwenye akili anapunguza maji kwenye tangi. Presha ikishuka, hata valvu mbovu inatulia. Kwisha habari. Na kisu nani anakitaka kwenye tumbo la mwanangu?

Basi kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni cha kumezea dawa. Katikati alowanishe ulimi tu.

Hapa chini umsomee mwenyewe:

Chiriku wa baba, unayeongea mpaka redio inaona aibu! Leo nakuteua Msimamizi wa Tangi. Tangi liko tumboni mwako na ni wewe unayelilinda lisijae. Mtu yeyote akikuletea maji zaidi, mama, bibi, mwalimu, hata rais akija na jagi, mwambie baba yangu fundi amekataza. Nikirudi nitakagua.

Wenu,
Fundi wa Nchi Tatu


Nyumbani
14 Machi

Baba Chiriku,

Barua imefika, nilimsomea. Hujaona mtu aliyefurahia cheo namna ile. Anatembea kifua mbele, amemwamuru bibi yake amwite Msimamizi. Mwalimu ameniambia wenzake wamemwomba wawe makarani wake, amewakatalia, anasema hawajasomea.

Homa haijarudi tangu tulipoonana kwa barua mara ya mwisho. Mama yako anaringa sokoni utadhani amezaa daktari. Mimi naona amekauka midomo, na choo kimekuwa kigumu, anakaa humo mpaka namgongea. Mkojo nao umekuwa mchache, na rangi yake imekolea. Labda ni joto la siku hizi.

Tarehe ya hospitali ni mwezi ujao. Rudi salama.

Mama Chiriku


Kambi ya bomba kuu
27 Machi

Mke wangu,

Soma hii kabla hujavua viatu. Mpe mtoto maji. Mpe sasa hivi, kisha endelea kusoma.

Nilijikata kidole kwenye bati, nikaenda kwa tabibu wa kambi, mama mmoja mnene asiyecheka. Akawa ananifunga bandeji. Nikaona nimchangamshe, nikamsimulia nilivyomtibu mwanangu kwa barua. Nilimchorea tangi na valvu kwenye vumbi la meza yake. Nilisimulia vizuri, unanijua. Nikafika kwenye kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, akaacha kufunga.

"Nani alikwambia mtoto ni tangi?"

Akanieleza taratibu kama mtu anayeongea na mlevi. Hakuna valvu, Mama Chiriku. Ni ule upindo wako tu, ulikuwa sawa, ukuta unaubana mrija na hakuna kingine. Na mkojo husafisha njia. Mtoto akinywa maji ya kutosha anakojoa mara kwa mara, anavisukuma vijidudu nje kabla havijapanda. Ukimnyima, mkojo unakuwa mzito, unakaa, vijidudu vinazaana humo kwa raha zao. Choo nacho kinakauka, kinamkandamiza kibofu, hamalizi kukojoa. Mimi ninayewafokea vijana kila siku, "laini isiyopitisha maji inaoza," nimemwambia mtoto wangu azibe laini.

Hukuwahi kuniambia kama mmefuata yale niliyoandika. Uliniambia amefurahia cheo, basi. Naomba uwe umenidharau. Naomba uwe umechukua barua yangu ukawashia moto. Sitakasirika hata siku moja.

Dereva wa lori nimempa koti langu la mvua ili asilale njiani.

Mume wako


Hospitali kubwa, wodi ya watoto
29 Machi

Baba Chiriku,

Sijapata barua yako nyingine, naandika hii nikitumaini itapishana njiani na yako yenye habari nzuri.

Tuko wodini. Homa ilimpanda akiwa darasani, akatetemeka mpaka meno yanagongana, akatapika. Mwalimu alimbeba mgongoni. Wamemtundikia maji ya mshipa na dawa kali. Leo amefungua macho akauliza kama kalamu zake zipo.

Wamempiga picha nyingine. Figo ya kushoto imejaa makovu, imekunjamana, imebaki ndogo kuliko mwenzake. Daktari amesema haifanyi kazi tena. Nilimwuliza itapona? Akasema kovu la figo haliponi, mama. Alisema polepole, na akakaa pale kitandani pamoja nami, hakuondoka upesi kama wanavyoondoka. Amesema huenda makovu mengine yalikuwepo tangu homa za zamani kabla hatujajua, huenda mengine ni mapya. Hakuna mtu atakayeweza kusema ni lipi la lini.

Imebaki ya kulia. Picha inaonyesha mkojo umeanza kupanda upande huo nao, kidogo. Hiyo ndiyo ya kulindwa sasa.

Mama yako anakaa kwenye ngazi za nje. Nikimwambia aingie anasema miguu inamwuma.

Mama Chiriku


Nyumbani
16 Aprili

Baba Chiriku,

Tumerudi nyumbani, na barua yako ya maji nimeikuta imesukumwa chini ya mlango.

Sasa sikiliza, upumue. Mimi lini nilikusikiliza wewe? Uliniambia nisinunue ile cherehani, nilinunua. Uliniambia kabati lisikae dirishani, liko dirishani. Ile barua ya tangi niliisoma, nikacheka, nikaitupa. Mtoto amekunywa maji siku zote kama samaki. Yaliyotokea ni ya kuumbwa, daktari mwenyewe kasema hakuna ajuaye. Usijipe mzigo usio wako. Fanya kazi umalize, uje.

Mama Chiriku

(Nyuma ya karatasi, kwa penseli, kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka:)

BABA NI MIMI MSIMAMIZI. MAMA AMESINZIA KITINI. NILILINDA TANGI VIZURI SANA. SHULE NILIKUWA NAMWAGA CHUPA YANGU KWENYE MAUA. HOSPITALI WALINITIA MAJI KWENYE MKONO NIKIWA NIMELALA SI KOSA LANGU. SASA MAMA ANALIA ANATAKA NINYWE GLASI NYINGI NAFUNGA MDOMO. HATA BIBI ALILIA NIKAFUNGA. BABA UJE UKAGUE.


Kambi ya bomba kuu
1 Mei

Mke wangu,

Ile barua uliyonitumia, ungekuwa nayo ningekwambia uigeuze. Mtoto aliandika nyuma.

Sijakukasirikia. Nimekaa nayo juu ya bomba tangu kazi ilipoisha mpaka vijana wakaja kunitafuta. Umedanganya vizuri, kidogo nikuamini, hasa ulipofika kwenye kabati. Lakini usibebe peke yako kitu nilichokitengeneza mimi.

Sasa tuache mimi na wewe. Imebaki figo moja na mtoto amefunga mdomo. Msomee hii, usome kwa sauti yangu, unaijua.

Chiriku, mwanangu,

Hakuna mtu duniani aliyewahi kulinda kitu kama ulivyolinda wewe. Baba amekagua kutoka huku na umepasi.

Lakini baba alikosea. Nakwambia wewe kabla ya mtu mwingine. Baba anajua mabomba ya chuma. La tumboni mwako hakulijua, akajifanya analijua kwa sababu anapenda kusifiwa. Ndani yako hamna tangi. Mna kijinjia chembamba kinachopita ndani ya ukuta, na chako kimezaliwa kifupi. Kinataka maji mengi yapite, tena na tena, yasukume uchafu utoke. Kunywa asubuhi, kunywa shuleni, kunywa ukirudi. Ukisikia mkojo, nenda, usingoje mchezo uishe. Ukimaliza, hesabu polepole vidole vyako, ujaribu tena kidogo.

Yale ya kwanza yafute. Haya ndiyo maneno ya baba.

Baba


Nyumbani
18 Mei

Baba Chiriku,

Nimemsomea. Nilijitahidi kuifanya sauti yako, na pale pa kusifiwa nikakohoa kama unavyokohoa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye magoti. Halafu akasema, "Hii si ya baba."

Nikamwonyesha mwandiko. Akautazama. "Umeiandika wewe mama, ili ninywe. Baba hakosei." Nikamwambia baba ni mtu, anakosea. Akakasirika, hujawahi kumwona alivyokasirika, alinipiga na mto. "Baba hakosei! Amefunga maji nchi tatu na hajawahi kuitwa mara mbili!"

Yote hayo anayajua kwa moyo, Baba Chiriku. Ni wewe uliyemfundisha.

Nampa matunda yenye maji, namwekea supu nasema ni chakula si maji. Mama yako anampigia magoti. Usiku wa kuamkia leo joto la mwili lilipanda kidogo, asubuhi limeshuka. Daktari amesema akikataa tena watamlaza wamtundikie, lakini hawawezi kumtundikia maisha yake yote.

Sijawahi kukuomba kitu kinachogusa kazi yako. Najua umebakiza kidogo na ulitaka jina lako liandikwe kwenye jiwe la uzinduzi wa bomba. Lakini hili siwezi kulisema badala yako, nimejaribu. Inabidi alisikie linatoka mdomoni mwako akikutazama.

Njoo.

Mama Chiriku


Kambi ya bomba kuu
3 Juni

Mke wangu,

Hii naituma kwa lori la leo, mimi nitapanda la kesho, hili halina nafasi hata ya kusimama. Kazi nimeiacha. Msimamizi ameniuliza nani atamalizia, nikamwambia yeyote.

Nitakapofika, usimwambie chochote mlangoni. Nipe glasi mbili. Nitakunywa moja mbele yake na kumwambia.

Nimekuwa nikifanya mazoezi ya kulisema. Unajua mimi nikifungua mdomo watu wanasogea karibu, tayari kucheka, tangu ujana wangu. Leo wakati wa chakula nilisimama pale bwaloni, nikagonga sahani kwa kijiko, wakanyamaza wote. Nikasema, "Jamani. Nina binti wa miaka saba. Nilimwandikia barua kwamba asinywe maji, kwa sababu mimi ni fundi. Akanitii. Figo yake moja imekufa."

Nikaishia hapo.

Wakaanza kutabasamu, mke wangu. Mmoja akacheka kabisa, akampiga mwenzake kiwiko. Wengine wameshika vijiko hewani, wananitazama usoni, macho yanang'aa. Walikuwa wanangoja nimalizie.

Baba yake